Birika limeota jiwe na sabuni haitoi povu: maji yetu haya yana nini?

Suali: "Assalaam aleykum. Mie mtu wa Wete, nimeolewa nimehamia Fuoni hapa Unguja, huu mwezi wa saba. Maji tunayotumia ni ya kisima cha kuchimba, tunapampu mpaka kwenye tangi la juu. Ukiyatazama safi kabisa, lakini sabuni haitoi povu, kanzu za mume wangu zinageuka rangi ya majivu, nywele zangu zimekuwa kama makumbi, mbaazi zinachemka tokea alfajiri haziivi, na birika la umeme limeshaungua la pili, ndani limeota kitu cheupe kigumu kama jiwe. Majirani wanasema maji ya chumvi haya, wengine wanasema watoto watapata mawe ya figo. Kuna mtu anatuuzia sumaku ya kufunga kwenye paipu na mwengine mashine ya kulainisha maji ya nyumba nzima. Nifanye nini?"

Wa alaykum salaam dada yangu, na pole na hayo mabirika. Nimefanya kazi ya kupima maji miaka mingi na hili suali lako naulizwa na watu wengi mno, ila wewe umelieleza vizuri kwa sababu umetaja vitu vyote pamoja, povu, kanzu, mbaazi, birika, na hivyo vitu vyote ni ugonjwa mmoja tu. Maji yako ni magumu. Sio machafu kwa hilo, na nnavyokusoma sio ya chumvi pia. Na hicho kitu cheupe kwenye birika umesema kama jiwe, basi ni jiwe kweli, lile lile unalolikanyaga hapo nje ukitoka mlangoni.

Nikueleze linavyofika ndani ya birika kwa sababu ukishalijua hilo dawa zote utazifahamu mwenyewe. Unguja sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe, jiwe la chokaa. Mvua inaponyesha maji yake ni laini kabisa, lakini yanapopita kwenye udongo yanachukua hewa ya kaboni daioksaidi, na hewa iliyo ndani ya udongo ina gesi hiyo mara kumi na zaidi kuliko hewa hii tunayovuta, mana mizizi inapumua na majani yanaoza mule. Maji yakishanywa gesi hiyo yanakuwa na ukali kidogo, ukali mdogo sana huwezi kuuonja, lakini jiwe la chokaa linaujua. Linayeyuka taratibu, na kalsiamu yake (pamoja na magnesiamu kidogo) inaingia kwenye maji ikapotea machoni, kama sukari inavyopotea kwenye chai. Ukenda Mangapwani kwenye lile pango la matumbawe, ukashuka mpaka chini kwenye maji, pale unaona kazi ya maji hayo kwa macho, yamelila jiwe kwa muda mrefu mpaka likawa pango.

Sasa unayapampu, unayatia kwenye birika, unawasha. Moto unaifukuza ile gesi, maji hayawezi tena kuibeba ile kalsiamu, inarudi kuwa jiwe na inaganda pale penye joto kuliko pote, yaani kwenye koili. Kwenye pango la Kuumbi kule Jambiani yapo mawe yanayoning'inia kutoka juu, yale yameumbwa kwa njia hiyo hiyo, tone linaning'inia, gesi inatoka, jiwe linabaki. Tofauti pango linafanya kwa maelfu ya miaka na birika lako linafanya kwa wiki, kwa sababu linachemsha.

Kwenu Wete hukuyaona haya kwa sababu Pemba haikukaa kama Unguja, magharibi na katikati ni vilima vya udongo na mchanga na vijito vinapita juu, jiwe utalikuta zaidi upande wa mashariki na kaskazini, mtu wa Micheweni angekwambia habari nyengine kabisa. Na hata hapa Unguja nyumba kwa nyumba inatofautiana, kisima kirefu kinachokwenda kwenye jiwe na kisima kifupi cha kwenye mchanga maji yake hayafanani hata kama vimeachana uwanja mmoja, kwa hiyo jirani akikwambia mie sina tatizo hilo usimwone muongo.

Kuhusu hili neno chumvi. Watu wetu kila maji yanayokataa sabuni wanayaita maji ya chumvi, na sabuni ndiyo inayowababaisha, mana kweli maji ya bahari nayo yanaikata sabuni. Lakini hivi ni vitu viwili na kujua tofauti ni muhimu sana kwako wewe mwenye kisima. Maji matamu chini ya kisiwa yanaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi kuliko ya bahari, na hesabu wanayoitumia wataalamu wa visiwa inasema kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40 za maji matamu kabla hujaikuta bahari. Hesabu hiyo ukiigeuza inatisha, mana ukipampu mpaka usawa ukashuka mita 1, bahari kule chini inaweza kupanda mita 40. Kwa hiyo mwenye kisima karibu na pwani akivuta maji kupita kiasi bahari inamjia, na ikishaingia si rahisi kuitoa. Kuijua ni kwa ulimi: chemsha maji, yaache yapoe, yaonje. Ukisikia chumvi, au chai inakuwa na ladha ya munyu hata ukizidisha sukari, hapo bahari imeingia na hakuna ndimu wala magadi itakayokusaidia. Ukisikia matamu au ladha nzito tu kama ya chaki, hiyo ni chokaa. Wewe hukutaja ladha hata mara moja, ndio mana nikasema sio chumvi, lakini onja uhakikishe.

Tena fanya jaribio la chupa. Chukua chupa mbili ndogo za plastiki zilizo sawa, moja tia maji ya kisima nusu, nyengine maji ya mvua nusu, kila moja tia kipande sawasawa cha sabuni ya mche ulichokikwangua, funga, tikisa sana. Ya mvua itajaa povu, ya kisima itakuwa na maji meupe ya ukungu na utando unaelea juu. Lazima iwe sabuni ya mche ya kawaida, sabuni ya unga na ya maji ya kuoshea vyombo nyingi zimetengenezwa kwa kitu chengine na zitatoa povu hata kwenye maji magumu zikakudanganya. Ukitaka nambari khasa, peleka maji maabara, ZAWA (Mamlaka ya Maji Zanzibar) wanapima, waambie unataka ugumu wa maji kwa jumla. Watakupa miligramu kwa lita. Chini ya 60 ni laini, 60 mpaka 120 wastani, 120 mpaka 180 magumu, kupita 180 magumu sana, na mtu wa kisima cha kwenye jiwe asishangae akipewa 300.

Tuchukue hiyo 300 kwa mfano, sio kwamba ndio yako. Tuseme katika hiyo 300 ukichemsha inashuka 200, na nyumba yako mnachemsha lita 4 kwa siku, chai ya asubuhi, ya jioni, na maji ya mtoto. Hiyo ni gramu 0.8 za jiwe kwa siku. Kwa mwezi gramu 24. Kwa mwaka karibu gramu 290, zaidi ya robo kilo ya jiwe ndani ya birika moja, na wewe huna ulichotia isipokuwa maji. Yote haigandi, nyengine inaelea unaimwaga, lakini inayobaki inatosha kuua birika.

Na birika linakufa hivi. Koili ikivikwa jiwe, joto lake halitoki haraka kwenda kwenye maji, yenyewe inazidi kupata moto mpaka inakatika. Watu wanasema birika lenye chokaa linakula umeme mara mbili, hilo la mara mbili sio kweli, koili iko ndani ya maji na joto lake mwisho litaingia kwenye maji tu, hasara yako kubwa ni birika lenyewe. Kwenye sufuria ya gesi au ya makaa ndio kuna hasara ya moto khasa, mana ukoko wa chini unazuia joto na joto linapita pembeni linakwenda zake.

Basi tuje kwenye dawa. Jiwe la chokaa linaogopa kitu kikali, ndimu au siki, hilo bibi zetu wanalijua. Siki ya dukani ile ya kawaida kikombe kimoja, maji vikombe viwili au vitatu, tia kwenye birika, pasha yapate moto yasichemke, zima, yaache saa nzima au usiku mzima. Utasikia yanachachatika na viputo vinapanda, hiyo ndiyo ile gesi iliyochukuliwa ardhini inatoka tena. Mwaga, suuza, chemsha maji mara moja uyamwage, basi. Fanya kila wiki, usingoje mwezi, na hesabu iko wazi: jiwe la wiki moja kwa mfano wetu ni kama gramu 6 na kikombe kimoja cha siki kinalimaliza, ukingoja mwezi utahitaji zaidi ya nusu lita na bado utakuwa unakwaruza kwa kisu, na kisu kinachuna koili. Ndimu pia inafaa, kamua kama nne kwa lita moja ya maji na chuja kokwa. Ule unga mweupe wa asidi ya sitriki ukiupata ndio mzuri kuliko vyote, vijiko viwili vya chai tu na hauna harufu. Chupa ya chai iliyokuwa nyeupe ndani ni dawa hiyo hiyo. Shawa iliyoziba vitundu, tia siki kwenye mfuko wa plastiki, uvishe kwenye kichwa cha shawa, funga na mpira, lala, asubuhi fungulia maji.

Mambo matatu hapa naomba uyashike kwa nguvu. Usichanganye siki wala ndimu na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, kamwe, wala usimimine moja kisha nyengine chooni, inatoka gesi ya sumu inayochoma mapafu, na vyoo vyetu vyengine havina hata dirisha. La pili, sufuria za aluminiamu usiziloweke na siki usiku kucha, zinaliwa, robo saa inatosha kisha suuza. La tatu kwa wale wa nyumba za zamani za Mji Mkongwe, siki isiguse kuta wala sakafu ya chokaa au marumaru, mana ile chokaa ya ukutani ni jiwe la matumbawe lililochomwa kwenye tanuri likapigwa maji likarudi kuwa jiwe tena, ni kitu kimoja na kilicho kwenye birika, kinacholiyeyusha lile kitauyeyusha na ukuta.

Kanzu sasa. Sabuni ya mche ikikutana na kalsiamu haioshi, inashikana nayo inakuwa kitu cha mafuta kisichoyeyuka, ule utando uliouona kwenye chupa. Utando huo unakamata uchafu na unaingia ndani ya nyuzi, kila ukifua unaongeza tabaka, mpaka kanzu inakuwa ya majivu na ngumu kama karatasi, na mtu anazidisha sabuni akidhani sabuni ni ndogo, kumbe ndio anazidi kuilisha. Kwa hiyo kwa nguo nyeupe acha sabuni ya mche, tumia ya unga, ile imewekwa vitu vya kuishika kalsiamu. Kama unapenda mche wako basi lainisha maji kwanza na magadi: kijiko kimoja cha chai kilichojaa kwa ndoo ya lita 20, koroga, yaache nusu saa au zaidi, utaona ukungu mweupe unashuka chini, hiyo ndiyo kalsiamu inaanguka, kisha teka maji ya juu taratibu uyafulie. Magadi yasiguse nguo za hariri wala sufi, na kanga mpya zinazotoa rangi usizijaribie, na mikono yako ikichoma punguza. Kanzu zilizokwisha haribika ziloweke kwenye maji ya vuguvugu yaliyotiwa nusu kikombe cha siki kwa ndoo, saa moja, suuza sana, kisha zifue na sabuni ya unga. Hazitarudi kwa mara moja. Zipe mara tatu nne utaona weupe unarudi, na kofia ya kiua nayo vivyo hivyo ila kwa mkono wa taratibu.

Nywele ni hadithi hiyo hiyo, ule utando wa sabuni unakaa kwenye unywele. Shampuu inaacha utando mdogo kuliko sabuni ya mche, na maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya mvua, au tia kijiko kimoja cha chakula cha siki kwenye lita moja ya maji umimine, uache dakika moja, suuza, kisha mafuta yako ya nazi. Ndimu kwenye nywele ukitoka nayo juani inakausha, siki ni bora.

Ngozi nitasema kidogo. Maji magumu yanafanya sabuni ibaki kwenye ngozi na mtoto mwenye ngozi kavu anaweza kuwashwa zaidi. Lakini Uingereza walifanya utafiti wakautoa mwaka 2011, watoto 336 wenye ukurutu, baadhi nyumba zao zikawekwa mashine za kulainisha maji, na baada ya wiki 12 ukurutu wao haukuwa bora kuliko wa wenzao waliobaki na maji magumu. Kwa hiyo mtu asikuuzie mashine kwa jina la ngozi ya mtoto. Punguza sabuni, suuza vizuri, mpake mafuta akiwa bado na umajimaji.

Mbaazi zako, hapa nataka nikae kidogo mana najua mbaazi za nazi na mandazi ya asubuhi sio kitu cha kupuuza, na nishaona akina mama wanalaumu muuza duka kwamba kawauzia mbaazi kongwe. Saa nyengine ni kongwe kweli. Lakini ganda la mbaazi na maharage lina kitu kama gundi kinachoshikilia chembe zake pamoja, na kalsiamu ikiingia inakaza gundi hiyo, kwa hiyo unavyozidi kuchemsha kwenye maji ya jiwe ndivyo unavyozidi kulikaza ganda. Fanya hivi: chemsha maji jioni, yaache yatulie mpaka yapoe, yamimine kwa utaratibu uache vumbi jeupe chini, hayo sasa yamepungua ugumu sana. Roweka mbaazi usiku kucha kwenye maji hayo na chumvi ya kula kijiko kimoja cha chai kwa lita. Ndiyo, chumvi, najua umefundishwa chumvi inazuia kuiva, lakini kwenye kuroweka sodiamu ya chumvi inaingia kwenye ganda ikaisukuma kalsiamu nje. Asubuhi mwaga maji hayo, pika na mengine yaliyochemshwa au ya mvua. Ukwaju, ndimu na tungule visiingie mpaka mbaazi ziwe zimeshaiva, ukali nao unakaza ganda. Magadi yanaivisha haraka kweli, ila yanaua vitamini B1 na yakizidi yanaleta ladha ya sabuni, na kwenye sufuria ya aluminiamu yanaila sufuria na kuifanya nyeusi. Ncha ya kisu tu ukibanwa na wakati, isiwe mazoea.

Chai utaona juu inafanya utando unaong'aa kama mafuta na ukitikisa unapasuka vipande. Hiyo nayo kalsiamu, imeshikana na vitu vya majani ya chai. Haina madhara. Tone la ndimu linaufuta pale pale, na wanaokunywa ya rangi na tangawizi na iliki hawatapata tabu, wa maziwa ndio ndimu itawakatia, basi watumie maji yaliyochemshwa na kutulia.

Sasa mawe ya figo, mana najua hili ndilo linalokunyima usingizi. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu wa maji kwa ajili ya afya, kwa sababu kalsiamu na magnesiamu ni vitu ambavyo mwili unavihitaji, vile vile vya kwenye maziwa na dagaa. Mawe mengi ya figo ni kalsiamu iliyoshikana na oksaleti (kitu kilichomo kwenye baadhi ya mboga na vyakula vyengine), na watu wakisikia kalsiamu wanasema haya ndio lile la kwenye birika. Mwili sio birika. Kalsiamu uliyoinywa pamoja na chakula inaikamata oksaleti tumboni humo humo na zote zinatoka chooni kabla hazijafika kwenye figo. Kinacholeta mawe kwenye nchi ya joto kama yetu zaidi ni kunywa maji kidogo huku unatoka jasho, mkojo unakuwa mzito rangi ya chai. Kwa hiyo mtu anayewatisha watoto wasinywe maji ya kisima kwa sababu ya figo, wakaishia kunywa nusu ya wanavyohitaji, ndiye anayewaweka kwenye hatari. Aliyekwisha kupata jiwe, au ana ugonjwa wa figo, huyo amsikilize daktari wake.

Mie kwenye kisima chako chokaa siiogopi. Naogopa karo. Jiwe la matumbawe lina nyufa na vitundu, maji yanapita mbio bila kuchujwa kama yanavyochujwa na mchanga, kwa hiyo karo la choo la jirani linaweza kufika kisimani kwako na maji yakabaki maangavu, hayana rangi, hayana harufu. Umesema ukiyatazama safi kabisa, jicho halioni vijidudu dada yangu. Kipindupindu Zanzibar tunakijua. Maji ya kunywa chemsha mpaka yatokote vizuri au tia dawa ya klorini ya maji kwa kipimo kilichoandikwa, na ukenda kupima ugumu omba wakupimie na vijidudu vya kinyesi, tena baada ya mvua kubwa ndio wakati mzuri wa kupima. Kuchemsha kunakupa mawili kwa mara moja, kunaua vijidudu na kunaangusha chokaa, na kama maji yako ya chai na ya kunywa yanapita kwenye sufuria kubwa moja ya kuchemshia, yakatulia usiku, kisha ndio unayatia kwenye birika la umeme, birika hilo litakaa miaka. Hiyo ndiyo dawa rahisi kuliko zote nilizokwambia. Shabu inatuliza tope tu, ugumu haiugusi. Chujio la udongo na la mkaa nalo haligusi.

Wauzaji wako wawili. Huyo wa sumaku mwambie ahsante. Nimeombwa kupima maji kabla na baada ya sumaku kwenye nyumba za watu zaidi ya mara moja, ugumu unabaki ule ule, na mabirika yao yaliendelea kuota jiwe, na ushahidi wa kisayansi wa vifaa hivyo ni dhaifu mno kumtoa mtu fedha mfukoni. Mashine ya kulainisha ni kitu cha kweli, inachukua kalsiamu inatoa sodiamu badala yake, lakini fikiria kabla hujatoa fedha. Inataka chumvi ya kuisafishia kila mara, inamwaga maji kila ikijisafisha, na kwa maji ya 300 inakuongezea sodiamu kama miligramu 138 kwa kila lita, mwenye presha aliyekatazwa chumvi na mtoto mchanga wa maziwa ya kopo wasiyanywe. Kwa hoteli yenye mashine kumi za kufulia na mahita ya maji moto inalipa. Kwa nyumba yako ya watu watano sita, kwa rai yangu, hapana. Paipu zako za plastiki za maji baridi hazioti jiwe la kutisha, linaota penye moto na penye kudondoka, na huko nishakwambia la kufanya.

Fedha hiyo itie kwenye bati. Fuoni mnaezeka bati, na bati ni kisima ambacho hakina jiwe. Kila milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa inakupa lita 1, kwa hiyo paa la mita 60 za mraba na mvua ya milimita 20, mvua ya masika ya nusu siku tu, ni lita 1,200, toa kidogo iliyorukia pembeni. Wazee wetu walijenga mabirika ya kuhifadhia maji, sisi tumebaki na jina tumelipa la kuchemshia chai. Weka mfereji wa pembeni ya bati na tangi lenye kifuniko, mvua ya mwanzo mwanzo iache ipite ioshe vumbi na kinyesi cha kunguru, wavu wa mbu juu. Masika, Machi mpaka Mei, na vuli, Oktoba mpaka Disemba, kanzu, nywele, mbaazi na pasi ya mvuke vyote vinakula maji hayo, na kisima kinabaki kwa kuoga, kudekia na kumwagilia. Kisima nacho kinapumzika, hapo bahari inakaa kwake.

Anza na chupa mbili na siki wiki hii. Ukipata majibu ya maabara niandikie nambari zote mbili, ya ugumu na ya vijidudu, na uniambie kisima kina kina gani na karo lililo karibu liko hatua ngapi, nikujibu khasa juu ya kisima chako.